Kisu Katika Mfuko wa Salfa

Mimi si mwoga wa visu. Nimekua kwenye korosho na samaki, na kisu kwangu ni kama kijiko. Lakini siku niliyotia mkono ndani ya mfuko wa salfa nikatoka na kile, nilikirusha chini nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta wa stoo.

Jirani alikuwa ameniomba salfa iliyobaki msimu uliopita apulizie mikorosho yake. Mfuko ule hauguswi na mtu hovyo, maana ukiufungua macho yanawasha na pua inatoa maji siku nzima. Nani angeficha kitu humo? Mtu anayejua kwamba mke wake hana sababu ya kuingiza mkono humo. Na nyumba yangu ina mwanamume mmoja tu.

Kilikuwa kimeviringishwa kwenye kipande cha shuka la bluu. Kirefu kama shubiri, kimefuliwa kwa mkono, alama za nyundo bado unaziona. Mpini wa mpingo, umelika mahali pa kidole gumba. Bapa lake jembamba shingoni, halafu linapanuka mwishoni kama mkia wa samaki, na kwenye ukingo wa ncha pana pengo dogo. Nimeuza samaki Kitaya tangu sijaolewa, nimeona visu vya Wamakonde, vya Wamakua, vya wavuvi wa ng'ambo ya mto Ruvuma. Cha namna ile sikuwahi kukiona. Na juu ya bapa, kuanzia nchani, kulikuwa na kitu cheusi kimeganda, kizito, chenye mng'ao kidogo. Nilijua ni damu. Yaani sikufikiria, nilijua.

Nieleze kwanza nyumba yetu ilikuwa katika hali gani, usije ukaniona nimerukwa na akili. Kitongoji chetu kiko chini ya Kitaya, kwenye mashamba ya mpunga yanayoshuka mpaka Ruvuma. Kuna alfajiri moja watu wenye silaha walivuka mto. Hatuwaiti jina, tunasema "wale watu", na tukisema tunashusha sauti hata mchana. Walichoma, wakaua, wakaondoka na waliowataka. Mwanangu Zawadi alikuwa amelala kwa bibi yake, mama wa mume wangu, kwenye nyumba ya mwisho kabla ya mto. Bibi tulimzika. Zawadi hatukumwona, si mzima wala si maiti. Alikuwa na miaka mitano.

Hemedi, mume wangu, alivuka kumtafuta. Alikaa huko mpaka nikawa sijui mimi ni mke au mjane. Kisha akarudi, amekonda, macho yamezama, na neno lake likawa moja tu: "Sikumpata." Nikimuuliza alipita wapi, anatoka nje. Akioga anajifungia. Akilala analala na shati, hata joto likiwa la kumfanya mtu alie, jasho linamtiririka mpaka mkeka unalowa. Nikigusa kifungo anashika mkono wangu. Ananishika kwa nguvu kiasi kwamba siku nyingine niliamka na alama.

Ndipo shemeji yangu Kassimu, kaka yake mkubwa, alipoamua tumsomee mtoto hitima. Akapanga Ijumaa, akatangaza, akaanza kuhesabu masufuria ya kuazima. Mimi nilipiga kelele. Nikamwambia nani ameona mwili, nani ameona hata unywele? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye hakuwa amezaa hata paka. Akanijibu kwa upole, upole ule wa kuudhi: "Shemeji, mwenye mtoto ni Hemedi pia. Muulize." Tukamgeukia Hemedi. Akatazama miguu yake, hakusema ndiyo wala hapana. Watu wakasema kunyamaza ni kukubali, basi hitima ipo.

Kwa hiyo nilipokuwa nimesimama stoo na kitu kile kiko chini mbele yangu, niliona ninaelewa kwa nini mume wangu amenyamaza. Anajua. Anajua mwanangu amekufa, na anajua vipi, na jibu ni hili hapa lenye pengo nchani. Halafu wazo la pili likaja, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Tulikuwa tumesikia habari za wanaume waliokamatwa huko wakaambiwa fanya kama sisi au ufe. Hemedi alirudi mzima. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimelala ubavuni kwake tangu arudi.

Nikachukua kipande cha nondo, nikakiviringisha katika kile kitambaa cha bluu, nikakizika mfukoni mwa salfa kama kilivyokuwa. Kisu nikakitia chini ya kikapu, juu yake makopa ya muhogo, juu ya makopa ng'onda, samaki wakavu wanaonuka vizuri. Nikamwambia Kassimu ninakwenda Mtwara kwa mama yangu mdogo kununua viungo vya pilau ya hitima. Alifurahi, masikini, akadhani nimetulia. Hemedi alinitazama tu akiwa ameegemea kiambaza. Nilipita mbele yake na kile kikapu kichwani nikiwa na hakika anausikia moyo wangu.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari walitushusha wote garini. Hiyo ni kawaida yetu, na mimi ninawashukuru askari wale, lakini siku hiyo niliwaombea wote waugue ghafla. Mwenye zamu alikuwa kijana mwenye fimbo ndefu. Akaichomeka kwenye kikapu changu, ikapita kwa ng'onda, ikapita kwa makopa, ikagonga chuma.

"Mama, nini hicho?"

Nilijua kabisa kwamba nikisema vibaya mume wangu hatafika Ijumaa akiwa huru, nami sitajua kamwe. "Kisu," nikasema.

"Unasafiri na kisu?"

"Muuza samaki asafiri na nini, kalamu? Inama unuse kama huamini."

Akainama, akanusa, akakunja uso. Wenzake wakacheka. Akapiga fimbo kwenye buti yake akaniambia nipite. Nilipanda garini nikakaa, nikakikumbatia kikapu kwa nguvu, mpaka mama wa pembeni akaniuliza kama nimebeba mayai.

Mama mdogo Farida anaishi Chuno, hapo Mtwara, nyumba ya vyumba vingi yenye uwa mmoja. Nilimpeleka ndani, nikafunga mlango, nikakiweka kisu kitandani. Alipiga yowe akakifunika na mto.

"Mwanangu, una wazimu? Hicho ni cha jandoni. Cha ngaliba. Macho ya mwanamke hayakitazami."

Kwa kitambo kidogo nilimwamini, nikapumua. Kisha yeye mwenyewe akaufunua mto, akachungulia kwa jicho moja. "Lakini cha ngaliba niliwahi kukiona kwa bahati mbaya," akasema, "hakikuwa na mkia hivi."

Tukaenda sokoni kwa mchinjaji anayemuuzia nyama, Yusufu, mtu mnene mwenye maneno mengi. Nilidhani anayeshika visu tangu subuhi mpaka jioni atajua. Alikigeuza, akapitisha kidole gumba ubavu mmoja, akapitisha ubavu wa pili. Kisha akagusa ncha, akatoa kidole haraka, na tone la damu likatokea.

"Huku butu," akasema. "Huku butu. Makali yote yapo hapa mbele. Hiki hakichinji, mama zangu, wala hakichuni. Kisu chenye makali nchani ni cha kumchoma mtu." Akakifunika kwa gazeti akanirudishia kwa ncha za vidole. "Mmetoka nacho wapi?"

Watu kwenye foleni walikuwa wametugeukia. Mmoja alimuuliza mwenzake huyu dada ni wa wapi, na nikasikia mtu akijibu, wa Kitaya, wa mpakani. Farida akanivuta mkono. Nyuma ya soko niliinama kwenye mtaro nikatapika, na nilipokuwa natapika nilikuwa namwona mwanangu, sitasema nilimwona vipi.

Tuliporudi uani Farida alikuwa ameshaamua. "Twende Ufukoni tukitupe baharini. Mrudi nyumbani, msome hitima, mmshukuru Mungu. Mambo mengine yasijulikane." Nikamwambia akitaka kutupa kitu baharini ajitupe yeye. Nikachukua beseni nikakitia majini nikioshe ule uchafu, nikiwa nalia na kutukana kwa pamoja.

Hapo ndipo Bibi Rozalia alipotoka chumbani kwake kufuata ndoo. Ni mpangaji wa zamani pale, Mmakonde wa ng'ambo, alivuka mto akiwa msichana wakati wa vita vyao vya kumfukuza Mreno. Ana nembo, zile chale za mapambo za kabila lao, uso mzima, mashavuni na kwenye paji, na kila akienda kanisani hujifunga kanga mpaka chini ya macho kwa sababu watoto wa mtaani humwita ramani. Alipofika kwenye beseni alisimama. Akayapiga mashavu yake kwa viganja vyote viwili, akayashika hivyo hivyo.

"Nnungu wangu! Nani kaleta chipopo hapa?"

"Unakijua, bibi?"

"Kitoe majini. Kitoe, kitaota kutu." Lakini hakukisogelea. Alirudi nyuma mpaka akakaa kwenye kizingiti, na mimi nilimwona mwanamke mwenye wajukuu wakubwa akijikunyata kama mtoto anayengoja sindano. "Hicho ndicho cha kuchanjia nembo. Kilinipita mimi hapa, na hapa, na hapa. Mwanangu, niliumwa!"

Nikamwambia vinaweza kuwa vingi vinavyofanana. Akatikisa kichwa, akaniita nikae karibu. Akanishika mkono ulioshika kisu, akauongoza mwenyewe, akaiweka ncha kwenye shavu lake juu ya mstari mmoja wa kovu. Ilikaa sawasawa. Upana wake ulikuwa upana wa kovu, kabisa.

"Pengo la hapo mbele umeliona? Sasa tazama mistari yangu."

Nikainama. Katika kila mstari, upande mmoja, palikuwa na mahali padogo ambapo ngozi haikukatwa, pametulia kama punje ya mtama. Kila mstari, mahali pale pale.

"Wasichana wote tuliochanjwa pamoja tuna hiyo. Tulikuwa tunamsengenya mama yake Josefina, aliyetuchanja, kwamba ana kisu kibovu na hataki kukipeleka kwa mfua chuma. Alipokufa kikashikwa na Josefina mwenyewe, mwenzangu. Nilikuwa nawashika wasichana vichwa, yeye anachanja. Chipopo hakitoki mkononi kwa mwenyewe, mpaka afe au akupe."

"Na hii damu?"

"Damu gani? Nusa, muuza samaki wewe."

Nikanusa. Mafuta. Harufu ya mbegu za mbono zilizokaangwa mpaka zikaungua. Masizi ya mbono, akasema, unachanja, unapaka, kikipona unachanja tena. Nilikaa chini palepale kwenye maji yaliyomwagika. Si kisu cha kuua. Nilitaka kucheka. Farida alishaanza kucheka.

Lakini Bibi Rozalia alikuwa anasugua yale masizi katikati ya vidole, na uso wake ulibadilika. "Haya bado yana mafuta," akasema taratibu. "Ya zamani huwa yanapukutika. Kuna mtu kachanjwa juzi juzi tu. Nani siku hizi anachanjwa nembo? Wajukuu zangu wananionea haya kukaa nami barazani." Akaniinulia macho. "Nani kakileta?"

"Mume wangu."

"Umemwona mwili?"

Hofu haikuondoka, ilihama tu chumba. Niliyaona mashati yote, vifungo vyote, mkono wake ukinikaba kifundo. Tulisikia wale watu wanakula viapo, wanatiana alama. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilikuwa nimeshaumwa. Bibi Rozalia alikuwa ameingia chumbani kwake akatoka na furushi. Hakuniuliza kama anaruhusiwa kuja. "Nataka nimwone mtu aliyeshika mkono wa Josefina," akasema.

Safari ya kurudi kisu kilikuwa kiunoni kwake, chini ya vitenge, na kizuizini walimwamkia shikamoo wakampisha.

Tulikuta uwa umejaa. Wanawake wanachagua mchele, masufuria yamepangwa, Kassimu anapima mahali pa turubai. Wakaniuliza viungo viko wapi. Sikumwona Hemedi. Mlango wa stoo ulikuwa wazi nusu, na kabla sijaufikia nilianza kupiga chafya, kwa hiyo nilijua.

Alikuwa amepiga magoti katikati ya vumbi la njano, mfuko wa salfa umemwagwa wote, macho yake mekundu yanatoa machozi, na mkononi ameshika kile kipande cha nondo. Alinitazama. Nimeishi na mtu huyu tangu nikiwa mwali, sikuwahi kuona macho yale.

"Kiko wapi?"

"Vua shati."

"Asia, kiko wapi? Nani amekiona?"

"Askari wa kizuizini," nikasema, "na mchinja nyama, na nusu ya soko la Mtwara. Vua shati, Hemedi."

Akasimama. Ile nondo ilikuwa bado mkononi mwake, na nilifikiri, haya, sasa. Lakini aliidondosha, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Umeniua, mwanamke. Askari wakiniona nilivyo wataniweka pamoja na wale watu. Nitawaambia nini, nani ataniamini?" Bibi Rozalia akaingia nyuma yangu, akaurudisha mlango. Hemedi aliutazama uso wake, mstari kwa mstari. Kisha akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja.

Ilikuwa kifuani, upande wa moyo. Pembetatu mbili zimegusana kwa ncha, chini yake mistari mitatu ya kukunja kama njia ya nyoka. Nyeusi inayokwenda kwenye bluu, imeumuka, ingali mpya. Bibi Rozalia alisogea, akapitisha kidole. "Pengo hili hapa," akaniambia. "Ni mkono wa Josefina. Lakini umezeeka, mistari inayumba."

"Hiyo ni kiapo cha nani?" nikauliza. Sauti yangu sikuijua.

"Si kiapo," Hemedi akasema. "Ni ya Zawadi."

Akatueleza akiwa amekaa kwenye ile salfa. Wale watu walikuwa wamemchukua Bibi Josefina kutoka kijijini kwake awapikie porini. Watoto waliotekwa, wa kwao na wa kwetu, waliwekwa naye. Aliona wanavyobadilishwa majina, wanavyokatazwa lugha zao, wanavyogawanywa huku na huku. Akafikiri, hawa mama zao watawajuaje wakishakuwa wakubwa? Alikuwa na chipopo chake ndani ya nguo. Mtoto akipata homa anasema namchanja chale za dawa, na chale kila mtu anazijua, hawakumshuku. Kila mtoto akamchora alama yake ndani ya mkono, mahali mtoto mwenyewe anaweza kuitazama. Hakurudia moja kwa wawili. Walipohama walimwacha kwa sababu ya mguu wake mbovu, na Hemedi alimkuta kwenye kambi ya waliokimbia, akiwa hoi, akiuliza kila aliyetoka upande wetu kama ana mtoto.

"Ulijuaje ni Zawadi?" nikamkatiza. "Watoto ni wengi."

"Alisema kuna kabinti ka Kitaya kalikuwa hakaogopi kujibu. Kalimwambia, mama yangu akigomba ng'ambo wanasikia, ngojeni, atakuja."

Nilishika ukuta.

"Hakuweza kunieleza ilivyo kwa maneno, nami nisingeikumbuka," Hemedi akaendelea. "Akaniambia lala. Alinichora siku ile, akanichora tena ilipopona, ili ishike. Akanipa kisu, akasema mpelekee mama yake. Kisha nikamzika."

Bibi Rozalia alifanya ishara ya msalaba, akakaa chini, akaufunika uso kwa kanga.

"Akasema mpelekee mama yake," nikarudia. "Nawe ukampelekea mfuko wa salfa."

"Walipohama walivushwa mto mwingine, umefurika. Wapo waliozama. Hakujua nani. Asia, ningekuambia yu hai, halafu nikute alizama, ningekuwa nimekuzikia mtoto mara mbili. Nilitaka kwanza nirudi nikahakikishe. Na naogopa kurudi. Kila asubuhi nasema leo, na kila asubuhi naogopa."

Nilitaka kumpiga, na nilimpiga, kofi moja la bega. Kisha nikamkumbatia na ile salfa yote, mara ya kwanza tangu arudi, akalia kama ng'ombe. Mwenye kovu usidhani kapoa, husema wazee, na huyu wangu kovu lenyewe lilikuwa halijafunga.

"Aliwaambia nini watoto?" Bibi Rozalia akauliza kutoka ndani ya kanga. "Alipokuwa anawachanja."

"Mtu yeyote mwenye kama hii ndiye wako. Mfuate."

Basi nikakaa nikafikiri, na nilifikiri kwa hofu, sikuwa na kitu kingine cha kufikiria nacho. Hemedi atavuka tena. Asiporudi, ile alama itaoza naye huko, na duniani hapatakuwa na mtu wa kumwambia mwanangu kwamba yeye ni wangu. Alichukuliwa akiwa na miaka mitano. Uso wangu atausahau. Sauti yangu, anayoisifia, ataisahau. Labda ameshaanza.

Nikatoka uani nikamwambia Kassimu hitima haipo. Nikatandika mkeka palepale katikati ya masufuria. Hemedi akanifuata bila shati, na wanawake waliokuwa wakichagua mchele wakaacha mikono hewani. Akaeleza mwenyewe, mbele ya wote, kwa mara ya pili, na balozi wa nyumba kumi alikuwepo, akasema atakwenda naye kwa mtendaji wakaseme yote, wasisemewe. Mmoja wa wale wanawake, ambaye mwanawe wa kiume alichukuliwa alfajiri ile ile, aliinuka akaja kumshika Hemedi mkono, akiuliza kuhusu watoto wengine, na Hemedi akamwambia alama aliyopewa ni moja tu, ya Zawadi. Mbono zipo nyuma ya choo cha kila mtu. Bibi Rozalia akazikaanga kwenye kigae mpaka zikawa mkaa, akasaga, akiniambia mara kwa mara kwamba yeye alikuwa anashika vichwa tu, mkono wake si wa Josefina.

"Shemeji," Kassimu akasema, safari hii bila ule upole, "kuchanja mwili ni haramu. Unajua."

"Najua. Mchele upo na wasomaji umeshawaalika. Waambie waniombee msamaha, na wamwombee aliye hai arudi."

Akageuza uso. Lakini hakuondoka.

"Tunaweka wapi?" Bibi Rozalia akauliza. "Mkononi, kama mtoto? Au kifuani, isionekane?"

"Usoni."

"Usoni hutaificha. Mimi nakuambia, mwanangu, mimi najua. Watakuita majina."

"Waite. Nataka nikipita sokoni, popote, Mtwara, Kitaya, ng'ambo, aione kabla sijafungua mdomo. Asihitaji kunikumbuka."

Alikiosha kisu kwa maji ya moto, akakipitisha motoni. Nilikitazama kikija, ile ncha yenye pengo, na nilikiogopa kuliko siku niliyokitoa mfukoni.

"Usitikisike," akasema.

"Siwezi. Natetemeka na siwezi kuacha."

Hemedi akapiga magoti mbele yangu, akanishika kichwa kwa mikono miwili, kifua chake mbele ya macho yangu ili bibi aweze kunakili. Ncha ikagusa paji la uso. Sikufumba macho. Niliitazama ile alama ya mwanangu, pembetatu mbili na mistari mitatu, nikiifuata kila alipokata, mpaka damu ikaingia jichoni nisiione tena.